Shajara ya mradi: kuzima kipokezi cha serotonini kwa mbu Aedes aegypti, kwa bajeti ya chuo

Kazi hii inafanyika Dar es Salaam, kwenye maabara ndogo ya chuo yenye chumba kimoja cha kufugia mbu. Naongeza maandishi kila hatua ikikamilika. Mambo yaliyomo kwenye kila mwongozo wa maabara nayapita haraka. Palipokwama ndipo nimeandika kwa kirefu, na bei nimeziweka palepale gharama ilipotokea.

13 Januari 2025: kwa nini kipokezi hiki

Watu wengi wakisikia serotonini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli, hufikiria ubongo wa binadamu. Mbu anaitumia karibu mwili mzima: kwenye utumbo, kwenye mirija ya Malpighi inayotoa maji ya ziada, kwenye tezi za mate, hata kwenye masikio ya dume. Kinachoamua itafanya nini mahali fulani ni kipokezi kilichopo hapo, yaani protini ya seli inayoipokea, na kila kipokezi kina jeni yake.

Jeni niliyoichagua inaitwa Aaeg5HT2B. Mwaka 2018 Lin Ling na Alexander Raikhel wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walionyesha kwamba jike la Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengi, likishanyonya damu, serotonini yake hupanda, na jeni hii huchangamka kwenye tishu ya mafuta, ambayo kwa mdudu ndiyo ini na ndiyo ghala. Walipoivuruga kwa CRISPR-Cas9, mkasi wa kukata na kubadilisha jeni, mbu walitoka wadogo, walichelewa kukua, waliishi muda mfupi, ovari zao zilikua polepole, na akiba ya mafuta ikashuka vibaya. Ujumbe unapita kwenye peptidi (protini fupi) zinazofanana na insulini: baadhi zilishuka, nyingine zikapanda.

CRISPR sisi hatuiwezi kwa sasa. Yai linatakiwa kudungwa mapema baada ya kutagwa, likiwa bado jeupe, maana ndani ya saa chache linakuwa jeusi na gumu. Baada ya hapo unatunza kizazi baada ya kizazi cha mbu waliobadilishwa jeni, na hilo lina vibali vyake na chumba chake chenye milango miwili ya kuwazuia wasitoroke. Kwa hiyo natumia RNA ya nyuzi mbili, inayonyamazisha jeni kwa muda bila kuibadilisha.

Njia za kuiingiza ni mbili, na hazijibu swali moja. Kumdunga mbu mzima kunaweza kuonyesha kinachotokea kwa damu, mafuta na mayai. Kuhusu ukuaji hakusemi lolote, kwa sababu mbu akishatoka kwenye pupa umbo lake halikui tena. Anayetaka kujua habari za ukubwa na kuchelewa lazima amlishe kiluwiluwi.

27 Januari: kuitafuta jeni kwenye kompyuta

Gharama: bando tu.

Nzi wa matunda, Drosophila, ana jeni tano za vipokezi vya serotonini: 5-HT1A, 5-HT1B, 5-HT2A, 5-HT2B na 5-HT7. Nilichukua protini zake nikazitafuta kwa BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano, ndani ya VectorBase, hifadhidata ya wadudu waenezao magonjwa, kwenye jenomu (DNA yote) ya Aedes aegypti iitwayo AaegL5. Majibu yalikuja mengi kupita kiasi. Vipokezi vya dopamini, oktopamini na tiramini vyote vinajitokeza humo, kwa kuwa ni ukoo mmoja: vyote vinapita kwenye utando wa seli mara saba, na vyote vina asidi ya aspatiki kwenye kipande cha tatu cha utando, ile inayoishika amini, kundi la kemikali ambamo serotonini na dopamini zimo. Alama za ulinganifu peke yake hazitoshi kuvitenganisha.

Dawa yake ni kurudi kinyume. Kila protini ya mbu iliyojitokeza niliipeleka kwenye jenomu ya Drosophila kuona nani ndugu yake wa karibu kabisa, kisha zote nikazichorea mti wa ukoo pamoja na vipokezi vya dopamini na oktopamini kama watu wa nje, yaani wa kulinganishia. Kwenye mti kundi la 1, la 2 na la 7 yanajitenga vizuri, na 5HT2B inakaa mahali pake bila ubishi.

Tatizo la pili liliniudhi zaidi. Jenomu ya Aedes ina herufi za DNA kama bilioni 1.28, zaidi ya mara nne ya ile ya Anopheles gambiae, mbu wa malaria, na sehemu kubwa ni vipande vinavyojirudia. Introni za vipokezi hivi, yaani vipande vya jeni vinavyokatwa na kuondolewa kwenye RNA, ni ndefu mno, kwa hiyo programu inayobashiri jeni wakati mwingine inaikata katikati au inapoteza kipande cha mwanzo. Usiamini mchoro wa jeni kabla hujafungua usomaji wa RNA kwenye kivinjari cha jenomu na kuona mwenyewe vipande gani vimeunganishwa kweli. Ukitengeneza praima (vipande vifupi vya DNA vya kuinasa jeni) juu ya kipande ambacho hakipo kwenye RNA, utalipia hewa.

Mahali pa kulenga RNA ya nyuzi mbili nilichagua sehemu inayotengeneza kitanzi cha tatu cha kipokezi, kilichomo ndani ya seli. Kwenye ukoo huu ndicho kirefu na ndicho kinachotofautiana zaidi kati ya ndugu na ndugu. Sehemu za utando zinafanana mno, na ukizilenga unaweza kunyamazisha vipokezi vitatu ukidhani ni kimoja. Kipande changu kina herufi zipatazo 400, na nilihakikisha hakuna mfuatano wa herufi 21 unaolingana na jeni nyingine.

17 Februari: ukubwa wa mbu, kabla ya kugusa jeni yoyote

Hapa ndipo muda ulipokwenda, na sijutii. Ikiwa dalili unayoitafuta ni mbu mdogo aliyechelewa, basi kila kitu kingine kinachomfanya mbu awe mdogo au achelewe ni adui yako. Msongamano kwenye beseni, chakula kichache, joto: vyote vinafanya kazi hiyo bila msaada wa serotonini.

Kundi la kwanza, la majaribio tu, lilitoa mbu wa saizi zote. Chakula cha samaki kilikuwa kinawekwa kwa kubana na vidole, na vidole vya mtu na mtu havilingani. Sasa tunasaga TetraMin iwe unga, tunaipima kwenye mizani, tunaikoroga kwenye maji, na kila beseni linapata ujazo uleule kwa pipeti. Viluwiluwi ni 200 kwa lita moja ya maji, wanahesabiwa siku ya kwanza kwa pipeti ya plastiki iliyokatwa ncha. Kazi ya kuchosha macho.

Kisha umeme. Ukikatika mchana, kiyoyozi kinazima na chumba kinapanda kutoka nyuzi 27 hadi zaidi ya 31. Kwenye joto viluwiluwi wanakimbilia kuwa pupa na wanatoka wadogo. Beseni la dirishani lilitoa mbu wadogo kuliko la ukutani, siku ileile, mayai yaleyale. Jenereta haimo kwenye bajeti yangu. Nilinunua makasha mawili ya foumu yale wanayobebea samaki feri, shilingi 25,000 kila moja, nikaweka mabeseni ndani pamoja na chupa za maji zilizokaa chumbani usiku kucha. Joto ndani linapanda taratibu sana. Kipimajoto kinachohifadhi kumbukumbu kiligharimu 60,000, na bila hicho ningekuwa nabishana na watu kwa mdomo mtupu.

Kipimo cha ukubwa ni bawa. Unalikata kwenye shina, unalilaza kwenye slaidi, unalifunika kwa utepe wa gundi unaoona, kisha unapima kutoka kwenye kale kapengo kalikopo nyuma karibu na shina hadi ncha, bila kuhesabu zile nywele za magamba za pembezoni. Hizo nywele zinapukutika, na anayezihesabu anapata mbu mkubwa asubuhi na mdogo jioni. Picha napiga kwa simu kupitia jicho la hadubini, napima kwa ImageJ, programu ya kupima picha. Majike na madume hayachanganywi kamwe: dume ni dogo na linawahi, kwa hiyo beseni lenye madume mengi litaonekana kama lina mbu waliodumaa.

10 Machi: praima, na kwa nini mbu mzima hafai kusagwa

Jozi ya praima za kupimia: 35,000. Jozi yenye mkia wa T7 (alama inayoanzishia kutengeneza RNA) kwenye kila upande, TAATACGACTCACTATAGGG, ni ghali zaidi kwa sababu ya urefu: 70,000. Nyingine kama hiyo ya GFP, jeni ya protini inayong'aa kijani ambayo mbu hana, kwa ajili ya kundi la kulinganishia. Seti ya vitendanishi vya kutengeneza RNA kwa T7 ndiyo iliyomeza pesa: milioni 1.6 pamoja na usafiri na ushuru. Mzigo ulikaa uwanja wa ndege mpaka barafu kavu ikaisha, na kimeng'enya kilifika vuguvugu. Wakala alileta kingine baada ya barua nyingi. Anayeagiza, aombe mzigo usiondoke Alhamisi wala Ijumaa.

Upimaji wa RNA wa mara ya kwanza ulikuwa aibu. Nilisaga mbu mzima, na ishara ya 5HT2B ikatokea baada ya mzunguko wa 34 wa PCR, mashine ya kuzidisha DNA (ikichelewa, RNA ni kidogo), huku jeni ya kulinganishia, RpS7, ikitokea mapema kabisa. Juu yake, mkunjo wa kuyeyuka ulikuwa na vilele viwili, yaani vitu viwili tofauti vilikuwa vimezalishwa. Vipokezi vya aina hii havitengenezwi kwa wingi, na ukisaga mwili mzima unakimwaga kidogo kilichopo kwenye bahari ya misuli. Kilele cha pili kilikuwa DNA iliyobaki.

Suluhisho ni mawili. Kwanza, praima zimehamishwa ziwe pande mbili za introni, na kwa kuwa introni hiyo ni ndefu, DNA haiwezi kuzaa kitu kwenye PCR fupi. Ubaya wa introni za Aedes ulinifaa hapo. Pili, sisagi tena mbu mzima. Napasua tumbo, natoa utumbo na ovari, nabakiza ukuta wa tumbo wenye tishu ya mafuta, na kumi kati ya hizo zinakuwa sampuli moja. Ishara ilisogea mbele kwa mizunguko kadhaa na kilele kikabaki kimoja.

31 Machi: damu

Chupa ya nusu lita, machinjio ya Vingunguti, shilingi 2,000. Kijana aliyenikingia aliuliza, "Dada, hii ya kupikia kisusio?" Nilipomwambia ni ya mbu alicheka, akaita na wenzake waje kumwona anayenunulia mbu chakula wakati watu wananunua chandarua.

Tuliikoroga palepale kwa mwiko ili nyuzi za kuganda zishikane na mti na damu ibaki majimaji. Njia hiyo ni ya zamani na ya bei nafuu, na mbu walinyonya vizuri. Shida ni kwamba kwa mradi wa serotonini ni njia mbaya, na ilichukua muda kulitambua hilo. Serotonini nyingi iliyomo kwenye damu imefichwa ndani ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Damu ikiganda, chembe hizo zinapasuka na kuimwaga nje. Ukikoroga kwa mwiko unaigandisha damu makusudi na kutupa nyuzi zake, kwa hiyo kinachobaki kwenye chupa kina serotonini huru, nyingi au kidogo kulingana na ulivyokoroga. Mbu wangu walikuwa wanapewa kile kile ninachotaka kukichunguza, kwa dozi isiyojulikana, tofauti kila wiki.

Na si jambo dogo. Kuna kazi iliyochapishwa 2022 juu ya Anopheles stephensi inayoonyesha kwamba kiwango cha serotonini kwenye chakula chenyewe kinabadilisha namna mbu anavyonyonya, anavyoruka, na anavyopokea vimelea vya malaria.

Sasa nabeba chupa yenye sitreti ya sodiamu asilimia 3.2, inayozuia damu kuganda, sehemu moja kwa sehemu tisa za damu, na damu inaingia humo moja kwa moja kutoka kwenye shingo ya ng'ombe. Haikorogwi, inageuzwa taratibu juu chini. Inatumika siku hiyohiyo. Nikifika maabara naongeza ATP kufikia milimola 1, kwa kuwa bila hiyo mbu wengi wanachovya mdomo na kuondoka. Kifaa cha kulishia ni glasi yenye koti la maji ya nyuzi 37 na Parafilm, utando wa nta unaovutika, iliyovutwa hadi iwe nyembamba. Tuliisugua kwenye mkono wa mtu kwanza, harufu ya jasho inasaidia.

Nikiwa kwenye habari ya damu: mate ya mbu yana protini za ukoo wa D7 zinazokamata serotonini ya mwenyeji na kuishikilia, kwa sababu ikiachwa inabana mishipa na kusaidia damu kuganda, na mlo unakatika. Yaani anaizima serotonini yetu huku tezi zake za mate zikiendeshwa na yake. Majike ya Aedes yaliyopunguziwa serotonini yao kwa alfa-methiltriptofani, katika majaribio ya miaka ya 1990, yalipata taabu kunyonya. Kwa hiyo anayechunguza unyonyaji asisahau kwamba kuna serotonini mbili kwenye sindano moja.

22 Aprili: kudunga mbu wazima

Dozi ni maikrogramu 1 ya RNA kwa kila jike, ubavuni mwa kifua, kwa sindano ya kioo iliyovutwa. Majike yana siku moja au mbili tangu kutoka kwenye pupa.

Vifo vilikuwa vingi kwenye kundi la GFP sawasawa na kundi la 5HT2B, maana yake tatizo halikuwa jeni. Nilidhani ni sindano nene, nikazivuta upya, vifo vikabaki vilevile. Muuaji alikuwa unyevu. Masika yameanza, hewa ya Dar imejaa maji, na sahani ya baridi inayowalewesha mbu inatoa jasho ndani ya dakika chache. Mbu analala chali kwenye tone, mbawa zinagandamana na kioo, na akizinduka hawezi kuinuka. Kwenye hadubini unaiona vizuri: miguu inakwangua hewa, bawa moja limejikunja kama nailoni iliyolowa.

Sasa sahani ina karatasi ya chujio juu, inabadilishwa kila kundi, na mbu hawakai kwenye baridi zaidi ya dakika kumi. Wakishadungwa wanaingia kwenye kikombe kikavu chenye pamba ya sukari asilimia 10 na taulo lenye unyevu juu ya wavu, si ndani. Baada ya hapo karibu wote wanaamka.

Siku tatu baadaye RNA ya 5HT2B ilikuwa imeshuka vizuri kwenye tishu ya mafuta. Kichwani haikushuka kwa kiwango cha kutegemewa, na neva za wadudu zinajulikana kwa ubishi huo. Kwa sababu hiyo sidai chochote kuhusu tabia kutoka kwenye mbu hawa. Kwenye kulishwa damu walinyonya kama wenzao wa GFP, nami siwezi kusema kipokezi hakihusiki na hamu ya kunyonya wakati ubongo wenyewe haukuguswa.

Mafuta napima kwa vanilini na asidi ya fosfori, njia ya Van Handel ya 1985: rangi ya waridi ikikolea, mafuta ni mengi. Kemikali zote hazikuzidi 90,000. Onyo: usitumie sahani za plastiki za polistairini kwenye hatua ya klorofomu, zinayeyuka na kuwa na ukungu, na ukungu huo mashine inausoma kama mafuta. Mirija ya kioo tu. Pia pamba ya sukari iondolewe jioni ya kabla, la sivyo unapima nani alikula mwisho. Kwa masharti hayo, majike yaliyonyamazishwa yalikuwa na waridi hafifu kuliko ya GFP kwenye makundi yote niliyopima baada ya damu. Inaelekea kule ilikoelekea kazi ya 2018, ingawa tofauti ni ndogo kuliko ya CRISPR, jambo la kutegemewa kwa jeni iliyonyamazishwa nusu.

19 Mei: kulisha viluwiluwi

Njia ni ile iliyotumika 2010 kwa Anopheles gambiae kunyamazisha jeni za kutengeneza kitini, dutu ya ganda la mdudu: RNA inafungwa ndani ya vichembe vya kitosani, inayotokana na kitini, ili isimeng'enywe tumboni. Kitosani asilimia 0.02 kwenye bafa ya asetati, RNA kwenye salfeti ya sodiamu, vyote vinapashwa hadi nyuzi 55, vinachanganywa na kutikiswa nusu dakika, kisha sentrifuji. Tonge linalobaki chini linachanganywa na unga wa chakula na agarosi, linakatwa vipande, kipande kimoja kwa siku. Kitosani 150,000, na imebaki ya kutosha miaka.

Viluwiluwi wa 5HT2B walichelewa kuwa pupa, na mbawa zao zilikuwa fupi. Furaha ilidumu mpaka tulipofungua takwimu za GFP: nao walichelewa, nao wana mbawa fupi, karibu sawa. Wote wawili walikuwa nyuma ya beseni la kawaida la TetraMin. Agarosi ndiyo iliyowadumaza. Chakula kilichogandishwa hakikwanguliwi kwa urahisi, kipande kinazama, wenye nguvu wanakikalia na wadogo wanabaki na maji matupu. Bila kundi la GFP ningeandika hapa kwamba nimerudia matokeo ya Riverside.

Marekebisho yaliyokwisha kufanyika: agarosi imepunguzwa hadi jeli iwe laini ya kuvunjika kwa kuguswa, na baada ya siku za kulishwa RNA kila kundi linarudi kwenye maji ya TetraMin yaliyopimwa. Beseni la kawaida halitumiki tena kama kipimo. Sasa kuna makundi matatu yanayokula jeli ileile: 5HT2B, GFP, na kitosani tupu.

9 Juni: kiluwiluwi mmoja, kisima kimoja

Nimeacha mabeseni kwa sehemu hii. Kila kiluwiluwi yuko peke yake kwenye kisima cha sahani ya visima sita, na kipande chake cha jeli hakuna wa kumnyang'anya. Kwa njia hii najua wa kisima fulani amekuwa pupa saa ngapi, ni dume au jike, na bawa lake lina urefu gani, vyote kwa mbu mmoja. Sahani za makundi matatu zinapishana kwenye kasha la foumu na zinazungushwa nafasi kila asubuhi. Sahani ni 9,000 kila moja, tunaziosha na kuzirudia.

Mabaki ya ngozi walizojivua yanaondolewa kwa sindano butu, maji yanabadilishwa nusu kila siku ya pili. Wakifika hatua ya nne, wawili kutoka kila sahani wanatolewa kwa ajili ya kupima RNA, maana bila kuthibitisha kwamba jeni imeshuka ndani ya kiluwiluwi mwenyewe, urefu wa mbawa hauna wa kumsingizia. Pupa wa kwanza wameonekana leo asubuhi, wote madume, kutoka makundi yote matatu. Majike yatafuata wiki hii. Mbawa zikishapimwa nitaweka hapa vipimo vya kila kisima, pamoja na vile vilivyopotea kwa ukungu.